Kwetu Hatuugui

Kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu, shangazi yangu aliweka vidole viwili chini ya taya, upande wa kushoto wa shingo, akaikazia macho saa ya ukutani. Alikaa hivyo kwa muda wa kama dakika moja, midomo ikicheza bila sauti. Kisha alishusha mkono, akavuta pumzi, akasema, "Haya, kumekucha." Hapo ndipo ungeweza kumwamkia. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tulidhani anaisikiliza saa kwa shingo. Siku moja kaka alimwigiza mezani, vidole shingoni, macho yamemtoka kama chura aliyekanyagwa, tukacheka mpaka chai ikatutokea puani. Shangazi naye alicheka. Kesho yake alifanya vilevile, na keshokutwa, na kwa karibu miaka arobaini mingine.

Alifariki mwaka jana akiwa na miaka tisini na tatu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi hata kumkaribia. Babu aliangukiwa na gunia boharini alikokuwa akipakua mizigo, akiwa hajafika arobaini na tano. Baba mkubwa alianguka na baiskeli kwenye mteremko. Baba yangu alianguka kutoka juu ya ngazi akipaka dari rangi, mimi nikiwa na miaka kumi na saba. Baba mdogo aliteleza kwa sabuni bafuni. Kaka yangu, aliyekuwa na ulimi wa kukuchekesha hata penye jeneza, alilifanya jambo hili kuwa msemo wa nyumba: "Kwetu hatuugui. Kwetu tunateleza." Wageni walipotuuliza habari za wazee wetu, ndivyo tulivyojibu, na tulijibu kwa majivuno kidogo, kama watu ambao maradhi yamewapitia mbali. Ushahidi wetu alikuwa Shangazi.

Nayaandika maisha yake kwa sababu alijua kuhusu vifo hivyo jambo ambalo sisi hatukulijua, na kwa sababu kaka yangu alianza kubanwa na kifua.

Shangazi alikuwa mtoto wa pili na msichana pekee kati ya wavulana watatu. Alipofika miaka kumi na minane aliajiriwa kwenye kiwanda cha chapa, idara ya majalada, na hakutoka humo hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vya shule. Karatasi zilimfikia zimekunjwa, yeye akazipanga, akazigonga ukingo zikae sawa, akazitoboa mgongoni kwa sindano nene, akapitisha uzi uliopakwa nta. Wenzake walishona huku wakipiga soga na kuvuta uzi kwa nguvu, na karatasi zikachanika. Yeye alivuta polepole. Msimamizi akambandika jina: Bi Taratibu. Jina likamfuata mtaani, kwa kuwa hata barabarani alitembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga nguo yake.

Alikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko, dirisha likitazama ukuta wa jengo la pili. Ukuta huo ulikuwa karibu kiasi kwamba mvua ikinyesha uliona maji yakiutambaa lakini hukuiona mvua yenyewe. Kila kituo cha ngazi alisimama, akashika kitasa cha dirisha la korido, akasubiri. Majirani walimpita wakikimbia. "Bi Taratibu, utafika mwakani!" "Nitawakuta mmechoka," alijibu.

Mboga zake hazikuwa na chumvi kabisa. Kaka alizoea kwenda kwake na chumvi yake kwenye kikaratasi, akaitoa mbele yake bila haya. "Shangazi, hiki ni chakula au maji ya kuoshea vyombo?" Shangazi alimnyang'anya kikaratasi, akakirusha dirishani. "Kula hivyohivyo, mlafi wewe. Ulimi hauna shukrani." Hakubeba ndoo wala gunia la mkaa; alilipa mtu ambebee, na watu wakasema anaringa. Alilala mapema na kuamka mapema. Alimeza kidonge kimoja cheupe kila siku baada ya chai, akituambia ni dawa ya macho, kwamba uzi mweupe kwenye karatasi nyeupe umemharibu. Tuliamini. Mtu aliyeshona vitabu maisha yake yote ana haki ya kuumwa macho.

Hakuolewa. Kulikuwa na mpanga herufi mmoja pale kiwandani aliyeleta barua ya posa, kisha barua ikarudishwa. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kijana alihama. Shangazi hakumtaja, ila kila alipopita mtu aliyevaa miwani ya duara alimtazama hadi apotee.

Akazeeka, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyogeuka fahari yetu. Alipotimiza themanini, watu wa jengo zima walimjia na maswali. Maji ya moto au baridi? Alala ubavu gani? Wifi yangu, mke wa kaka, alipenda kuwapeleka wageni kumwona, kama watu wanavyopelekwa kuona mnara. "Huyu ndiye damu ya wanangu," aliwaambia. Shangazi alitazama mikono yake. Alikuwa na vidole vilivyopinda, vyenye alama za uzi kwenye pingili, na aliposifiwa alivificha chini ya kanga.

Kaka alikuwa fundi wa majokofu. Alikuwa na mwili mkubwa na alipenda kuubebesha. Alipofika miaka hamsini alianza kusimama katikati ya kazi akijikandamiza kifua kwa ngumi. "Gesi," alisema. Mkewe akamchoka, akanipigia simu: "Wifi, mpeleke wewe, wewe msomi, atakusikia." Hakunisikia, ila alikuja ili nimwache.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwetu sote wawili, mwenye sauti ya upole na macho yaliyokesha. Aliuliza maswali akijaza fomu. Anavuta sigara? Analala vizuri? Kisha akauliza, "Katika familia yenu kuna mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyefariki ghafla kabla ya miaka sitini?"

"Ghafla wapo, daktari," kaka akasema. "Ila wote ni ajali. Kwetu hatuugui, kwetu tunateleza."

Daktari akatabasamu, akanigeukia mimi. "Ni kweli, dada?"

"Ni kweli," nikasema. "Tena tuna shangazi ana miaka tisini na anapanda ghorofa ya tatu kwa miguu."

Akaandika: *Hakuna*. Niliiona kalamu ikiliandika. Akaeleza kwamba kipimo cha moyo kina foleni ya wiki tano, kwamba wenye historia kwenye familia ndio husogezwa mbele, hata kesho yake, na sisi kwa kuwa hatuna basi tutasubiri. Kwa sasa akampa dawa ya tumbo. Kaka alitoka akipiga mluzi. "Umeona? Gesi."

Jumapili ile tulikwenda kwa Shangazi. Alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona upya kitabu cha mtoto wa jirani kilichoachia jalada. Kaka akamsimulia habari za hospitali kama kichekesho, akimwigiza daktari, akaniigiza na mimi. Alipofika kwenye lile swali, mkono wa Shangazi ukasimama, uzi ukiwa umeinuliwa juu.

"Mkajibuje?"

"Tukajibu ukweli. Hakuna."

"Mmesema hakuna?"

"Tungesemaje? Kwamba sabuni ni ugonjwa?"

Shangazi aliweka kitabu magotini. "Mrudi," akasema. "Kesho. Mwambieni huyo daktari akupime haraka."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema mimi."

Kaka akacheka hadi akakohoa. "Shangazi, pale hospitali hawapokei amri za Bi Taratibu."

"Nitakuchapa, mtoto wewe."

"Utanikuta wapi? Nikikimbia hadi mlangoni tu, nimeokoka mpaka mwakani."

Hata yeye alicheka, akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea, akaufumba. Nimeirudia mara nyingi picha hiyo ya mdomo wake ukifumbwa. Tulipoaga, kaka alitangulia kushuka. Shangazi alinifuata hadi koridoni, akanishika mkono.

"Jumamosi njoo peke yako. Nina neno."

"Shangazi, nina mitihani ya darasa zima ya kusahihisha. Si uniambie sasa?"

Alichungulia chini, kaka alikokuwa akishuka kwa kishindo. "Hapa ngazini halisemeki."

"Ni la haraka?"

Alifikiri. "Nimekaa nalo siku nyingi," akasema. "Litangoja."

Nikasema hiyo sitaweza, nitakuja Jumamosi ya wiki ya pili. Nikashuka.

Kaka alifariki Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo. Alikuwa anapandisha kompresa ya jokofu kwenye bucha iliyoko ghorofa ya pili. Mwenye bucha alinisimulia mwenyewe. Kaka hakuanguka. Aliutua mzigo taratibu kwenye kituo cha ngazi, akaketi juu ya kipandio, akajifuta uso kwa kofia yake, akasema, "Ningoje kidogo." Kisha akauegemea ukuta. Ndivyo alivyosema mwenye bucha. Lakini habari ilipofika nyumbani, ikiwa imepita kwa watu watatu, kaka yangu alikuwa ameteleza ngazini na mashine ikamwangukia. Hakuna aliyedanganya. Masikio yetu yalikuwa yameshazoea.

Msibani tulikaa kwenye sebule ya kaka, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, makochi yametolewa nje. Binti yake mkubwa alikuwa ameshaposwa, na wakwe walikuja watu wanne, wakakaa upande wa dirisha. Wifi alinivuta jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti yake kavu. "Mwenye bucha amekwambia nini?" Nikamweleza. Akanishika bega kwa nguvu. "Wifi, ameteleza. Umenielewa? Wale pale wana masikio. Binti yangu asije akaachwa kwa sababu ya kofia na kipandio."

Nilimwelewa. Sikupinga. Nilirudi nikakaa chini karibu na Shangazi, ambaye vijana walikuwa wamemleta kwa gari na kumweka kwenye kiti pekee chenye mito.

Baadaye kidogo mzee mmoja wa upande wa wakwe, kwa adabu zote, akauliza, "Poleni sana. Marehemu alikuwa akiumwa?"

"Hapana, mzee," wifi akajibu. "Ni ngazi. Aliteleza."

"Hakuteleza," Shangazi akasema.

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mtu asilete chumvi.

"Shangazi, umechoka," wifi yangu akasema. "Wifi, mpeleke chumbani akapumzike."

"Sijachoka. Nimepumzika miaka tisini." Akayashika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Huyu amekufa kwa moyo. Baba yake, ndugu yangu, alikufa kwa moyo juu ya ngazi. Alikuwa ameshakufa kabla hajafika sakafuni, nilikuwepo, nilikuwa nimemshikia kopo la rangi. Yule wa baiskeli, moyo. Yule wa bafuni, moyo. Sabuni ilikuwa kavu. Na baba yetu, gunia lilianguka baada yake, halikuanguka juu yake."

Mtu mmoja alianza kulia upya. Shangazi aliendelea kama anayesoma.

"Baba alipokufa, ndugu zake walisema ukweli. Nikaja kuposwa. Wakwe waliposikia ni ukoo wa vifua, wakairudisha barua. Mama akatukusanya, akaniapisha mimi mbele ya wote: hakuna atakayeoa wala kuolewa tukisema hivi. Kuanzia leo kwetu ni ajali. Alipokufa kaka yangu mkubwa, nikaenda hospitali mwenyewe, kimyakimya, nikiwa na miaka thelathini na minane. Daktari akanipima. Akaniambia nisile chumvi, nisibebe kizito, nisikimbie. Akanipa dawa. Akanifundisha kuhesabu mapigo, hapa, shingoni, kila asubuhi. Akaniambia: na ndugu zako waje."

"Ukawaambia?" Wifi yangu alikuwa amesimama.

"Niliwaambia wapunguze chumvi."

"Nimekuuliza, uliwaambia?"

"Hapana."

Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikaelewa kwamba kila jambo tulilolisifia, mwendo wake, mboga zake, kulala kwake mapema, hata kile kidonge cha macho yasiyokuwa na ugonjwa, lilikuwa agizo la daktari, na kwamba maagizo yale yalitolewa kwa watu watatu, akayatumia mmoja.

"Kwa hiyo ulikuwa unakunywa dawa yao," wifi akasema. Hakupaza sauti. "Umejua zaidi ya miaka hamsini. Umemtazama mume wangu akila kwako, akicheka kwako, akibeba majokofu. Jumapili ile alikuwa kwako! Ukanyamaza. Leo ameshalala, ndiyo unasema. Mbele ya wakwe."

"Leo wamebaki watoto watatu," Shangazi akasema. "Nikinyamaza na leo, nitakuwa nimewazika na hao."

Mzee aliyeuliza swali alitazama chini. Mwenzake, mama mmoja mnene mwenye huruma, akanong'ona, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," si kwa kumsuta, ni kama mtu anavyosema pole. Shangazi alimsikia.

"Hiyo ilikuwa kwenye kitabu cha darasa la nne," akamwambia. "Nimeishona mimi. Sijui mara elfu ngapi."

Wakwe waliaga mapema. Arusi ilisogezwa mara mbili, kisha haikutajwa tena, na yule binti alihamia mji mwingine kufanya kazi. Lakini kabla hajaondoka, yeye na wadogo zake walipimwa. Safari hii fomu ilijazwa mistari sita mahali pa lile neno moja, na hawakungoja hata siku tatu. Wawili walikutwa wazima. Wa katikati, mwenye miaka ishirini na miwili, mcheza mpira, alikutwa na moyo wa babu zake. Anameza kidonge cheupe sasa, na mpira anautazama akiwa amekaa. Yuko hai. Wifi hakuwahi kwenda kumwambia Shangazi habari hiyo. Nilitumwa mimi, na sikwenda upesi.

Ningependa kusema nilimtetea. Ukweli ni kwamba nilikaa miezi minne bila kupanda ngazi zile. Nilijiambia nina kazi. Nilimkasirikia kwa ajili ya baba, kwa ajili ya ile siku ya rangi niliyosimuliwa vibaya maisha yangu yote. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na nyingine, ya kwangu mwenyewe, ya mitihani niliyoisahihisha Jumamosi ile, ambayo hakuna mwanafunzi anayeikumbuka. Alitaka kusema, nikampangia siku. Ni rahisi zaidi kumlaumu aliyenyamaza miaka hamsini kuliko aliyeahirisha wiki moja.

Nilipokwenda hatimaye, alinifungulia mlango bila kuuliza nilikuwa wapi. Chumba kilikuwa kisafi kama kawaida. Nikamweleza kuhusu yule wa katikati. Akaniuliza anameza dawa saa ngapi, na baada ya kula au kabla, nikamjibu, akatikisa kichwa. Ndipo akalia, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akilia, akijifuta kwa ncha ya kanga huku akisema, "Mmoja, angalau mmoja."

Majirani waliacha kuja kumuuliza siri ya kuishi miaka mingi. Habari ilikuwa imeshuka ngazi zote. Wapo waliomwonea huruma, na wapo waliosema miaka ile si yake, ni ya ndugu zake aliyoikusanya. Neno hilo lilimfikia. "Wamekosea hesabu," aliniambia. "Ingekuwa hivyo ningekuwa na mia mbili." Kisha akasema, bila mzaha, "Miaka mingi si raha, mwanangu. Ni kubaki sebuleni kila mtu ameshaaga, na wewe ndiye umeshika funguo."

Nilimwendea kila Jumapili kwa miaka miwili iliyobaki. Hatukuzungumza mengi. Nilimsomea magazeti, akanikosoa matamshi. Alipoacha kutoka kitandani, jirani wa chumba cha pili alimwangalia mchana, mimi nikamwangalia jioni. Mwili ulipungua hadi shuka zikaonekana zimetandikwa juu ya kitanda kitupu. Daktari aliyekuja alisema moyo wake umechoka tu, kama wa mtu yeyote wa umri ule.

Jumapili ya mwisho nilikuta amefumba macho. Nilivuta kiti, nikaketi, nikiwa bado nahema kwa zile ngazi. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Mkobani mwangu kulikuwa na karatasi ya kwenda kupimwa, niliyoandikiwa wiki ile ile walipopimwa watoto wa kaka, imekunjwa mara nne, pembe zimeanza kuchanika. Sikuwa nimekwenda. Sina sababu ya maana. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Shangazi alifumbua macho. Alinitazama kwa muda, akisikiliza namna ninavyopumua.

"Na wewe," akasema, "kifua?"

"Salama, Shangazi."

Aligeuza kichwa kwenye mto, polepole, hadi uso wake ukanielekea wote.

"Sikukuamkia, mwanangu. Nimekuuliza kifua."